Mama Malimi wa Theluji

Kashindye alizaliwa upande wa Magu, kwa watu wa pamba na ng'ombe, na kitu cha kwanza ambacho watu walikijua kwake kilikuwa sauti. Mama yake alipomtuma kuwaita watu waje kula, yeye hakuona sababu ya kuondoka jikoni. Alisimama mlangoni akaita mara moja, na waliokuwa shamba la mbali wakaweka majembe chini. Mara nyingine walikuja hata wa shamba la jirani, ambao hawakuitwa.

Alifika Mwanza kwa ndoa. Mumewe, Elias Luhaga, alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, mtu mpole mwenye maneno machache na ya kupanga. Walipanga nyumba Igogo, kule juu penye mawe, wakapata mtoto wa kwanza wakamwita Malimi. Tangu siku hiyo jina la Kashindye likabaki Magu. Igogo alikuwa Mama Malimi, na mtu aliyetaka kujua nyumba yake hakuelekezwa kwa njia. Aliambiwa tu anyamaze kidogo asikilize.

Zikaja zile siku za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Sabuni, ambayo tulikuwa tukiipangia foleni na kuipata kwa kipande, sasa ilijaa madukani kwa rangi tatu, na ilikuwa juu yako kuamua unataka kunukia ndimu au waridi. Nguo za mitumba zilishushwa kwa marobota. Na kwa kuwa watu wote walikuwa sasa wanavaa mitumba, kile kiwanda cha nguo kikawa hakina wa kumvisha, kikaanza kupunguza wafanyakazi. Elias alipunguzwa katika kundi la kwanza. Alirudi nyumbani na blanketi la kiwanda, akakaa barazani na redio yake, akawa anawafafanulia wapita njia hali ya uchumi.

"Soko huria," alisema, "maana yake kila mtu yuko huru kutafuta chakula."

Mama Malimi akaenda kukitafuta. Wakati huo viwanda vya samaki vilikuwa vimeota ufukweni, vinachuna minofu ya sangara na kuipeleka Ulaya kwa ndege, na kinachobaki, yaani kichwa, mfupa na mkia, kinauzwa kwetu. Ndiyo mapanki. Mama Malimi alinunua mapanki, akayakaanga kwenye karai kubwa kando ya barabara, pembeni ya rafiki yake Odeta, mwanamke mwembamba kutoka Musoma ambaye alikuwa na karai lake na maoni yake.

Asubuhi moja, katikati ya moshi wa mafuta, Mama Malimi alisikia anaitwa.

"Kashindye. Sema."

Akageuka. Hakuna mtu Igogo aliyekuwa akimwita Kashindye. Mteja hakuwepo. Alikuwepo Odeta tu, anageuza samaki.

"Umeniita?"

"Nikuite nini na mafuta yananirukia?"

"Nimeitwa, Odeta. Kwa jina langu la nyumbani. Nimeambiwa niseme."

"Useme nini?"

Mama Malimi akafikiri. "Hajasema."

"Basi ngoja amalizie," Odeta akasema, akatia mapanki mengine.

Alingoja. Alingoja wiki nzima, akikaanga kwa mkono mmoja na sikio likiwa wazi, lakini hakuna kilichoongezwa. Mwisho akaamua kwamba mwenye kuita hakuwa na haja ya kueleza zaidi, kwa sababu maneno ya kusema yalikuwa yamekwisha kuandikwa katika Biblia, na kilichokosekana kilikuwa sauti tu. Na sauti, kila mtu alijua ilikuwa kwa nani.

Jumapili akabaki baada ya ibada, akamfuata Mchungaji Paulo ofisini.

"Bwana asifiwe, mchungaji."

"Amina, Mama Malimi. Kaa. Na usizungumze kwa nguvu, kuna mtoto amelala huko nyuma."

Akamweleza kwa kunong'ona, jambo ambalo lilimtoa jasho. Mchungaji Paulo alimsikiliza kwa upole. Alikuwa mtu mwenye suti mbili na moyo mzuri, hakupenda kumkatisha mtu tamaa ikiwa angeweza kumpa mwingine kazi hiyo. Lakini wazee wa kanisa siku hiyo walikuwa wamekwenda mazishini.

"Mama," akasema, "wito ni jambo jema. Ila kuhubiri, kwa mwanamke, Paulo amekataza."

"Paulo yupi? Wa Biblia au wewe?"

Mchungaji akafikiri kidogo. "Wote wawili."

Akampa badala yake nafasi katika kwaya. Alidumu huko mwezi mmoja. Mwalimu wa kwaya alimwomba ashushe sauti, kisha akamwomba aishushe tena, na mwisho akamwomba, kwa heshima zote, awe anaimba kimoyomoyo. Mama Malimi alisimama mstari wa nyuma Jumapili mbili akifungua na kufunga mdomo kama samaki wake, halafu akarudisha sare.

Ndipo alipoanza kuhubiri karaini. Hakuomba ruhusa, kwa sababu barabara haikuwa na mchungaji. Mahubiri yake yalikuwa moja, akiyaongeza kidogo kila siku. Alinyanyua aproni yake, ambayo kweli ilikuwa ya kutisha kwa damu na shombo, akaionyesha watu wote.

"Tazameni! Damu ya sangara haitoki kwa maji. Umesugua, umeanika, ukivaa tena bado ipo. Na dhambi ndivyo ilivyo! Umeifunika kwa suti, umeifunika kwa marashi, lakini wewe mwenyewe unaisikia harufu. Lakini Bwana akiifua! Akiikung'uta mbele yako! Nakuuliza, doa liko wapi?"

Hapo alikuwa akinyamaza, ili watu waitikie kwamba halipo. Watu wakauliza kama kile kichwa kikubwa kimeshapata mtu.

"Unatufukuzia wateja," Odeta alilalamika. "Wameanza kununua kule juu kwa yule muuzaji bubu."

"Siku moja mtu atasikia."

"Wanasikia. Wanasikia hadi Kirumba. Ndiyo maana wanakimbia."

Mtu aliyesikia alikuja mwaka uliofuata, akiwa amevaa kandambili na shati jeupe. Alikuwa Hasham, Mhindi mwenye duka mjini karibu na Makoroboi na kiwanda kidogo cha sabuni hapohapo Igogo, ambacho alikuwa amekifungua baada ya kuona kwamba kila mtu sasa anauza sabuni ya mwenzake. Hasham alizaliwa Mwanza, baba yake alizaliwa Mwanza, na Kisukuma chake kilikuwa bora kuliko cha watoto wetu. Alikuwa anapita kwenda kiwandani. Akasimama. Akasikiliza mahubiri yote, mwanzo hadi mwisho, bila kuuliza bei ya kitu.

Mama Malimi akaweka mwiko chini. Alikuwa ameomba apewe roho moja tu, na sasa alikuwa analetewa Mwislamu.

"Mwangaluka, mayu," Hasham akamsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, baba."

"Hilo la doa. Hebu rudia."

Mama Malimi akarudia kwa nguvu zaidi. Ng'ombe waliokuwa wanapitishwa kwenda machinjioni wakageuza vichwa. Hasham alifumba macho kama mtu anayeonja chai.

"Safi sana," akasema. "Ni sabuni gani hiyo?"

"Si sabuni. Ni damu ya Yesu."

Hasham akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kisha akasema, "Mimi nina Theluji."

Theluji ilikuwa sabuni yake mpya ya mche, nyeupe, ambayo haikuwa inanunuliwa. Hakuna aliyejua theluji ni nini. Elias alisema ni kile kitu kinachoota ndani ya friji ya baa. Hasham alikuwa na pikapu, alikuwa na vipaza sauti viwili vya kufunga juu yake, alikuwa na dereva. Alichokosa kilikuwa mtu wa kusema.

Mama Malimi alirudi nyumbani na jambo hilo akiwa amekasirika. Alimweleza mumewe kwamba yeye ameitwa na Mungu, siyo na Mhindi. Elias alipunguza redio, jambo ambalo alilifanya kwa nadra.

"Mungu amekuambia useme," akasema. "Hakukuambia usemee wapi, wala useme nini. Hasham amekuambia vyote viwili."

"Unanicheka."

"Sikucheki. Nasema tu kwamba huyu wa pili ameeleza vizuri zaidi. Na ana gari."

Mama Malimi akalala akiliwaza jambo hilo. Asubuhi alikwenda kiwandani na sharti lake: atatangaza sabuni, lakini katikati ya tangazo atasema neno la Mungu, na hakuna wa kumzuia.

"Sema, mayu, sema," Hasham akajibu. "Neno la Mungu halijaharibu biashara yangu hata siku moja. Ila sabuni iwe mwanzo, na sabuni iwe mwisho."

Hivyo ndivyo Mwanza ilivyompata. Pikapu ilipakwa rangi nyeupe, ikaandikwa THELUJI ubavuni kwa bluu, na Mama Malimi akaketi mbele na kipaza sauti mkononi, kanga mpya kichwani. Dereva aliitwa Nkwabi, kijana wa Kiseke, mkimya, mwenye macho mekundu ya pombe ya gongo ya jana. Alikuwa amebatizwa Mkatoliki akiwa mchanga, kisha akapumzika.

Walizunguka kote. Kirumba, Kiseke, Nyegezi, Buhongwa hadi mwisho wa nyumba. Gari lilisimama penye watu, sauti ikatoka katika zile pembe mbili za juu ya gari, na akina mama wakatoka nje na mapovu mikononi.

"Damu ya sangara haitoki kwa maji! Umesugua, umeanika, bado ipo! Lakini Theluji ikipita hapo, nakuuliza, doa liko wapi?"

"Halipo!" barabara nzima ikaitikia. Aliyeitikia kwa nguvu zaidi alitupiwa kipande cha sabuni. Maneno yaleyale ambayo kwa mwaka mzima hayakumpatia hata mtu wa kugeuza shingo, sasa yaliimbwa na watoto wanaoruka kamba. Walevi waliyatumia kuagana. Mtu akiulizwa alikoweka kitu cha watu alijibu, "Halipo!" na kesi ikaishia kwenye kicheko.

Katikati ya tangazo, kama walivyokubaliana, Mama Malimi alisema neno la Mungu. Watu walilipenda sana, kwa sababu ndio ulikuwa muda wa kuingia ndani kuchukua ndoo.

Kati ya kituo na kituo alizima kipaza sauti, na ndipo alipohubiri hasa. Aliyasema yote aliyokuwa nayo, akiyaelekeza kwenye kioo cha mbele: mwana mpotevu, mwanamke kisimani, Yona ndani ya samaki, ambaye kwake alikuwa sangara bila ubishi. Aliyarekebisha, akayakata, akayaanza upya. Nkwabi aliendesha. Hakuwa na pengine pa kwenda.

Siku moja tu, wakiwa njia ya Buhongwa, alifungua mdomo. "Huyo mwanamke wa kisimani," akauliza, "ule mtungi aliuacha palepale?"

"Aliuacha."

"Hakurudi kuuchukua?"

"Haikuandikwa."

Nkwabi akabadilisha gia. "Mtu hawezi kuacha mtungi hivihivi," akasema, na hakuzungumza tena hadi jioni.

Miaka miwili ilipita hivyo. Mama Malimi alipata nyumba yenye umeme, Elias akapata redio kubwa zaidi. Odeta alikaanga peke yake, na akina mama walipomuuliza habari za rafiki yake aliwajibu kwamba yuko kazini, anamtumikia Mungu na Hasham, kwa zamu.

Kisha kanisa likapata mgeni. Mhubiri mkubwa kutoka ng'ambo alikuwa anakuja kufanya mkutano wa injili wa siku tatu katika viwanja vya Furahisha, na wazee wa kanisa wakahitaji gari la matangazo. Mjini magari ya namna hiyo yalikuwa machache, na lililosikika kuliko yote lilikuwa moja. Mchungaji Paulo alikwenda mwenyewe kwa Hasham, na Hasham akalitoa bure, pamoja na dereva na sauti.

"Mama Malimi," mchungaji akasema, "utangaze mkutano tu. Sabuni usiitaje hata kidogo. Mambo ya Mungu hayachanganywi na biashara."

"Ndiyo, mchungaji."

"Wala usihubiri."

"Nimeelewa."

Na kweli hakuitaja. Wiki nzima alizunguka akisema njooni Furahisha, njooni mpokee, ni bure, leteni na jirani. Lakini gari lilikuwa jeupe, maandishi yalikuwa bluu, na sauti ilikuwa ileile. Watu walisikiliza, wakatazamana, wakaelewa walivyoelewa.

Siku ya kwanza uwanja ulifurika hadi barabarani. Mchungaji Paulo alisimama jukwaani akitetemeka kwa furaha. Ni baadaye alipotazama vizuri ndipo akaona kwamba wanawake wengi walikuwa wamekuja na mabeseni.

Mgeni akachelewa. Ndege yake ilikuwa imekwama Dar, na jua lilikuwa linawaka. Kwaya ziliimba, zikarudia, zikaishiwa. Watu wakaanza kupiga miluzi. Mzee mmoja wa kanisa, anayejulikana kwa busara, akamwinamia mchungaji sikioni. Wakajadiliana. Kisha mchungaji akashuka ngazi hadi alipokuwa amesimama Mama Malimi kando ya gari.

"Panda uwachangamshe kidogo," akasema. "Usihubiri. Changamsha tu."

Mama Malimi alipanda. Ngazi zilikuwa za mbao mbichi. Mbele yake kulikuwa na watu kuliko aliowahi kuwaona katika maisha yake, hadi kule kwenye mawe, na wote walikuwa kimya wakimtazama yeye. Alikuwa ameitwa aseme. Sasa alielewa kwa nini hakuambiwa zaidi. Mwenye kuita alimaanisha hapa, akajiambia. Alimaanisha leo.

Hakuchangamsha. Alianza mahubiri yake.

"Tazameni!" akasema, na kwa kuwa hakuwa na ile aproni alinyanyua pindo la kanga. "Damu ya sangara haitoki kwa maji!"

Uwanja ukalipuka. Watu waliitambua sauti, wakaruka, wakapiga mabeseni. Mama Malimi alidhani ni Roho anashuka. Akaongeza nguvu, akasema juu ya dhambi, akasema juu ya suti na marashi, na watu wote walikuwa naye, hata wazee wa kanisa walisimama. Alipofika penye doa machozi yalikuwa yanamtoka.

"Bwana akiifua! Nawauliza, doa liko wapi?"

"Halipo!" wakaitika maelfu. Kisha, kwa sauti moja, kama waliofundishwa, wakaongeza, "Theluji!"

Wakanyoosha mikono ili warushiwe.

Alisimama na kipaza sauti. Alijaribu tena. Alisema si sabuni, jamani, ni moyo. Wakacheka, wakijua ni sehemu ya tangazo. Mwanamke mmoja mbele kabisa, mwenye mtoto mgongoni, alimwinulia beseni na kumwambia kwa upendo, "Mama, anza na huku, tumetoka mbali."

"Leo sina sabuni," Mama Malimi akasema.

Hilo walilisikia. Walianza kuondoka kidogo kidogo, kisha kwa makundi, wakilaumu kwamba wamedanganywa. Mchungaji Paulo alimpokonya kipaza sauti, akaita kwaya. Mgeni alipofika jua likizama aliwahubiria kwaya tatu, wazee wa kanisa, na wauza karanga.

Jioni ile wazee walikaa kikao wakakubaliana kwamba Mtume Paulo hakukosea hata kidogo juu ya wanawake. Na asubuhi wawili kati yao wakaonekana dukani kwa Hasham.

"Tumekuja kuomba mchango," wakasema.

"Wa nini, wazee wangu?"

"Wa injili."

Hasham alivaa miwani yake. "Katoni ngapi?"

Alitoa bila kusita, akisema ni sadaka na Mungu ni mmoja. Siku ya pili na ya tatu gari lilizunguka na ruhusa ya kusema kila kitu, na Furahisha ikajaa tena. Mgeni alihubiri kwa Kiingereza, mkalimani akafuata, na mwisho akawaomba wanaotaka kuokoka wainue mikono. Wote waliinua. Waliambiwa wapite kushoto, waombewe, na baada ya kuombewa kila mmoja apewe kipande chake. Aliyewagawia alikuwa Mama Malimi. Mgeni hakuelezwa habari za sabuni, haikuonekana lazima. Alilia kwa furaha juu ya jukwaa, akarudi kwao na kuwaambia watu kwamba Mwanza yote imeokoka. Na kwa miezi kadhaa nguo za mji zilikuwa safi kweli.

Jumatatu Nkwabi hakuja kazini. Wala Jumanne. Hasham alifikiri ni gongo, akaajiri dereva mwingine.

Haikuwa gongo. Nkwabi alikuwa Kiseke, amelala chali nyumbani kwa mama yake, hali wala hanywi. Alisema baadaye kwamba ile siku ya kwanza alikuwa ameketi ndani ya pikapu nyuma ya jukwaa, hawaoni watu, anasikia tu ile sauti aliyoizoea. Na Mama Malimi aliposema "leo sina sabuni" na uwanja ukaanza kutoka, aliinamia usukani. Aliona ni kama ameambiwa yeye: sabuni haipo, limebaki neno. Aliacha gongo wiki hiyohiyo. Mwezi uliofuata alisimama chini ya turubai kule Buhongwa akaanza kuhubiri.

Habari zilimfikia Mama Malimi kupitia Odeta, ambaye alikuwa amepelekwa huko na shemeji yake.

"Mama Malimi, ungemsikia!" Odeta alisema, macho bado yamevimba. "Nimelia hadi nimeishiwa. Anasema dhambi ni kama damu ya sangara, haitoki kwa maji. Umewahi kusikia maneno kama hayo?"

Mama Malimi akatafuta kigoda akakaa.

"Yanatoka wapi maneno yale?" Odeta akaendelea. "Ni Roho tu. Yule kijana hajawahi hata kupara samaki."

Siku hizo watu wa Igogo walikuwa wanakwenda Buhongwa kila Jumapili, wakilipa nauli. Mchungaji Paulo naye alikwenda, akasikia, akashuhudia kwamba kijana ana karama. Wazee wakakubali, wakamwekea mikono, akawa mwinjilisti wa kanisa letu, na turubai likageuka bati. Hakuna aliyetafuta katika Biblia kama madereva wamekatazwa.

Mama Malimi hakwenda. Aliendelea na pikapu na dereva mpya, ambaye aliziba masikio kwa pamba, na usiku alimgeukia mumewe akamwambia kwamba ameibiwa.

"Kimeibiwa nini?" Elias akauliza gizani.

"Maneno yangu."

"Ulikuwa unataka yasikike."

"Nilitaka niseme mimi!"

Elias alijifunika blanketi la kiwanda. Baadaye sana akasema, "Uliambiwa useme. Hukuambiwa useme peke yako," na Mama Malimi hakuelewa ni faraja au vipi.

Mwishowe alikwenda, Jumapili ya mvua, akakaa benchi la nyuma kabisa na kanga imefunika uso. Nkwabi alikuwa amevaa koti la kuazima lenye mikono mifupi. Sauti yake ilikuwa ndogo, ilibidi watu wainame mbele ili wamsikie, na waliinama. Alihubiri juu ya mwanamke wa kisimani. Kila neno Mama Malimi alilijua, alijua hata lilitungwa karibu na nyumba gani. Kisha Nkwabi alifika penye mtungi, akasita.

"Mtu haachi mtungi hivihivi," akasema kwa ile sauti yake. "Lazima aliambiwa kitu kikubwa kweli."

Hilo halikutoka kwake, lilikuwa la Nkwabi mwenyewe. Mama Malimi alijikuta ameinama mbele kama wengine.

Nkwabi alimwona wakati wa kufunga. Aliduwaa, kisha akatangaza mbele ya watu wote kwamba mwalimu wake yupo hapa na kwamba anamwomba asimame aseme neno. Wazee wa kanisa wakatazamana. Mmoja akamnong'oneza Nkwabi, naye akarekebisha, akamwomba asome matangazo ya wiki. Mama Malimi akasimama akasoma: usafi wa kanisa Jumatano, harusi Jumamosi. Wale waliokuwa wamesinzia wote waliamka.

Nje, kwenye matope, Nkwabi alimshika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama. Umenikasirikia?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Nifanye nini? Nikifungua mdomo yanatoka yako."

Mama Malimi alimtazama yule kijana ambaye macho yake yalikuwa meupe sasa. Alikuwa na mengi ya kumwambia, na aliyapanga njia nzima ya kuja. "Ile ya damu unaikosea," akasema. "Unaiharakisha. Ukifika kwenye marashi, nyamaza kwanza. Waache wajinuse."

Tangu hapo Nkwabi akawa anakuja Igogo kila Jumamosi kwa baiskeli. Mama Malimi alisema, yeye akasikiliza, na Jumapili Buhongwa ikalia. Mambo yalikwenda hivyo hata pale redio mpya za watu binafsi zilipoanza mjini, na Hasham, kwa masikitiko ya kweli, akapeleka tangazo lake huko, likasomwa na msichana wa Dar mwenye sauti ya kubembeleza. Pikapu iliuzwa. Mama Malimi akafungua kibanda mbele ya nyumba, akauza sabuni za aina zote, na Theluji akaiweka mbele.

"Inakuuma?" Odeta alimuuliza siku moja, baada ya kujua ukweli na kununa wiki nzima kwa kulizwa bila kuambiwa.

"Inaniuma."

"Sasa mbona unampa maneno yako?"

"Nikae nayo ya nini? Yataoza."

Jumamosi moja ya kiangazi Nkwabi alifika jioni, akaegesha baiskeli, akavua koti. Mama Malimi alikuwa barazani na ungo wa mchele mapajani. Elias alikuwa ndani na redio yake.

"Mama, kesho niseme nini?"

"Sijui. Wiki hii sijapewa."

"Hujapewa kabisa?"

"Kabisa."

Nkwabi alilitundika koti kwenye usukani wa baiskeli. "Sasa watu watakuja, mama. Wanatoka hadi Igogo hapa."

"Waambie hujapewa."

"Mwinjilisti anaweza kusema hivyo?"

"Mimi nitajuaje? Mimi nauza sabuni."

Elias alicheka huko ndani. Nkwabi alikuna kichwa, akatazama ziwa, akatazama baiskeli yake, kisha akavuta kigoda akakaa karibu na ungo na kuanza kutoa mawe kwenye mchele.

"Sogea kidogo," Mama Malimi akamwambia. "Unanizibia mwanga."